Bendera Aliyoifunga Mama

14, Mtaa wa Wahunzi,
Dijon.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Dada Odile,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote walio chini ya paa lako huko Nouméa. Hujambo? Goti linasemaje? Na shemeji Joël, ameacha kupanda juu ya bati na umri ule, au bado anasubiri aanguke ndipo aamini? Najua kwenu sasa ni majira ya baridi, ile baridi yenu ya kuvaa sweta moja na kulalamika.

Sisi huku wazima. Wifi yako Corinne anakusalimu sana. Amesema sitakula mpaka barua hii iishe, na kwa kuwa amepika kuku na harufu imefika mpaka hapa mezani, utaona mwandiko wangu una haraka kuliko kawaida.

Utakuwa umeshangaa kwamba Jumapili hii sikupiga simu. Niliogopa. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningekudanganya tena. Mdomo wangu umeshazoea, mkono bado haujajifunza.

Fomu ya nyumba ya wazee nimeipata. Nimeiona saini yako pale chini, ile ya mkia mrefu, na nafasi yangu iko wazi pembeni yake. Umesema chumba kinatunzwa hadi mwisho wa Julai, na kwamba tukisaini sisi wawili mama naye atasaini, maana hajawahi kutubishia. Sababu umeiandika kwa mkono wako: mama mwenyewe alikwambia kwamba Alhamisi ile ya tarehe tano alioka klafuti mbili, zile keki zake za cheri, akapanga mabakuli kumi na mawili ya kahawa kwenye meza ya nje, akangoja wageni ambao hawakuwa wa siku hiyo. “Nilikosea siku,” alikwambia. Wewe ukalia, ukanipigia, ukaniuliza kama kweli akili ya mama imeanza kumtoka.

Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema: “Mh. Labda. Siku hizi anasahausahau.”

Dada, mama hakukosea siku. Wageni walikuwa wa siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, na aliyemwambia awangoje ni mimi. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana, halafu nitukane kwa nafasi.

Inabidi nianze mbali kidogo. Unajua nilivyojiunga na chama cha baiskeli hapa mjini miaka kumi na tano iliyopita, duka la miwani lilipoanza kunipa kitambi. Tunatoka kila Alhamisi. Watu wenyewe ni wastaarabu: daktari wa meno, mwalimu wa chuo, na mwenyekiti wetu Hubert, mwanasheria mstaafu mwenye baiskeli nyepesi kuliko mkate. Siku ya kwanza tulipokaa kwenye nyasi kula, Hubert aliniuliza kwa wema tu wazazi wangu walifanya kazi gani.

Nilitaka kusema mama alikuwa mlinda geti la reli. Nikakumbuka shule ya Brémont, watoto wakipiga “tuu-tuu” nikiingia darasani, wakiniuliza kama mama yangu anafungulia geti hata ng'ombe. Wewe uliwapiga kwa mkoba wa vitabu. Mimi nilinyamaza. Basi nikamjibu Hubert kwamba mzee wangu alikuwa mkuu wa stesheni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinyooka miaka kumi na tano. Baba yetu, aliyeshindilia kokoto chini ya mataruma ya reli mpaka mgongo ukapinda, nilimvalisha kofia yenye utepe wa dhahabu na kumpa saa ya mfukoni. Mama sikumtaja kabisa. Hubert akawa ananitambulisha kwa wageni, “Huyu ni mtoto wa stesheni masta,” nami nilikuwa ninacheka na kuinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mwaka huu zamu ya kupanga safari ya siku tatu iliniangukia mimi. Watu wetu hawataki kusikia injini. Wanataka msitu, mto na njia laini. Na nimezunguka nusu ya nchi kwa baiskeli, dada, sijaona njia ya aina hiyo inayoipita reli yetu ya zamani. Tangu walipong'oa vyuma na kumwaga changarawe laini, imekuwa kitu cha kutazama. Unaufuata mto Ource kilomita hamsini chini ya mialoni, daraja baada ya daraja, wala mlima hakuna, maana treni nayo haikupenda milima. Gari huoni. Unasikia matairi, maji na wenzako wakisimulia habari za magoti yao.

Na unajua nyumba ya mama, ile ya mlinda geti, ilivyokaa kando ya njia. Mama akitoa mkono dirishani anaweza kumvua kofia mwendesha baiskeli. Namba 31 bado iko juu ya mlango, kila masika anaipaka rangi mwenyewe.

Nilijiambia, Regis, una miaka sitini na mitatu, acha utoto. Nikampigia mama. “Tarehe tano, saa nne asubuhi, tutasimama kwako. Tuko kumi na wawili. Nataka wakujue.” Akaniuliza tu: “Wanatia sukari?”

Siku yenyewe ikafika. Tulitoka Vaurenard ya juu ukungu ukiwa bado mtoni. Hubert alikuwa mbele, akapaza sauti, “Haya mtoto wa stesheni, tueleze mambo ya reli!” Nikaeleza. Nilieleza matangi ya maji, taa za ishara, kila kitu, isipokuwa kile nilichokusudia. Nilipanga kusema tukifika daraja la kwanza. Pale nikasema habari za bata. Nilipanga kusema daraja la pili. Pale nikafunga kamba ya kiatu.

Kisha kona ile ambapo msitu unaisha ghafla. Mama alikuwa amesimama katikati ya njia. Alivaa koti la bluu la kazi, vifungo vimesuguliwa mpaka vinamulika, na kofia yake. Mkono ulikuwa umenyooka na bendera nyekundu ilikuwa wazi. Nyuma yake meza ndefu, kitambaa cheupe kile cha harusi yako, na mabakuli yote.

“Jamani!” Hubert akapiga kelele. “Bibi anasubiri treni ya mwaka themanini na saba!”

“Bibi, imechelewa kidogo hiyo!” akadakia daktari wa meno.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lazima niseme. Walicheka kama watu wazima wanaoona jambo la ajabu asubuhi na mapema. Hubert akageuza shingo: “Regis, wewe ni wa huku, unamjua huyu?”

Nikasema, “Vijijini kuna watu wa kila aina. Twendeni, twendeni, saa sita haitusubiri!” Maana tulikuwa tumeagiza chakula kilomita thelathini mbele, na watu wetu unawajua, unaweza kuwachelewesha kwa mazishi lakini si kwa chakula cha mchana.

Halafu nikapiga kengele. Odile, nilimpigia mama yangu kengele anipishe.

Alinitazama. Nilikuwa wa tatu katika mstari. Miaka thelathini na mitano nimepima macho ya watu, najua jicho linaloona na lisiloona, na lile liliona. Niligeuza uso upande wa mto. Kwa pembeni nikamwona anashusha mkono na kuikunja bendera kwenye mti wake, mizunguko mitatu, bila haraka, kama kanuni ilivyosema. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka ukingoni, akasimama wima na bendera iliyofungwa mkononi. Wewe na mimi tumekua chini ya ishara hiyo. Bendera wazi, simama. Bendera iliyofungwa, njia safi, pita.

Tukapita. Sikugeuka nyuma, na kwa kilomita kumi nilikanyaga pedali kiasi kwamba Hubert aliniuliza kama nimeona mbwa.

Sasa yuko mwenzetu mmoja, Yolande, aliyekuwa mgawa barua. Ana miaka sabini, baiskeli yake ni nzito kama kabati, na siku zote huwa wa mwisho. Siku hiyo alikuwa nyuma kabisa, hakuona hata vumbi letu. Alitufikia mezani tukiwa tumeshamaliza supu, na kwenye kikapu cha mbele alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa.

“Mmekosa, nyie wakimbizaji!” alisema huku akifungua. “Nimekunywa kahawa kwa bibi mmoja pale kwenye geti la zamani, bibi wa maana! Kapanga mabakuli kumi na mawili. Nikamuuliza, mama, unamngoja nani? Akaniambia, nilikuwa na wageni lakini nimekosea siku, kaa ule wewe. Na nyingine hii akanifungia, kasema isiharibike.”

Ilikuwa klafuti ya mama. Yolande akaikata mwenyewe. Hubert alifumba macho akitafuna: “Hii ndiyo klafuti! Cheri na kokwa zake! Mke wangu hutoa kokwa, anaua ladha yote.” Kipande kikubwa kuliko vyote Yolande alikiweka kwenye sahani yangu. Nilikila chote. Nilitema kokwa tisa pembeni mwa sahani, moja moja.

Nilipofika nyumbani Corinne aliniuliza, “Klafuti ya mama ilikuwaje?” Nikamwambia tamu. Huo tu ndio ukweli nilioutoa wiki nzima.

Jumapili ukanipigia, na hilo uliloambiwa nililikubali. Nimelitafakari sana, nami naona hili la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa woga, na woga humjia mtu ghafla. La pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, chai mkononi, na nafasi ya kufikiri nilikuwa nayo. Nilisikia unalia. Nikamwacha mama yangu aonekane amechanganyikiwa ili mimi nisionekane nilivyo.

Nitakueleza na lililo chini zaidi, maana nikilibakiza nitakuwa sijaandika kitu. Fomu ilipokuja nilishika kalamu mara mbili. Nilijiambia ni kwa usalama wake, ngazi ya kisima ina utelezi, wazee huanguka. Lakini wazo lililokuwa nyuma ya hilo lilikuwa hili: akiondoka pale, hakuna atakayesimama njiani na bendera tena. Naona haya hata kuiangalia sentensi hiyo.

Corinne ndiye aliyeikuta fomu mezani. Akaisoma pale ulipoandika sababu, kisha akaketi. “Alikosea siku? Regis, tarehe tano si ndiyo mlikwenda?” Akaniangalia mpaka akaelewa, kisha akasema polepole, “Mkataa kwao ni mtumwa, Regis. Ukisaini hii, kahawa yako uwe unajipikia.” Amekuwa akilala chumba cha wageni tangu siku hiyo, na sina la kumlaumu.

Basi Alhamisi iliyopita, kabla hatujapanda baiskeli, nikawaambia. Tulikuwa tumesimama mbele ya mkahawa wetu, wote na helmeti zao vichwani, nami nikasema kwamba baba hakuwa mkuu wa stesheni, alikuwa kibarua wa reli, na kwamba bibi wa bendera ni mama yangu mzazi na mabakuli yale yalikuwa yetu. Daktari wa meno alianza kucheka, akadhani ni utani. Hakuna aliyemfuata.

Hubert alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilitegemea aseme jambo kuhusu uongo wangu. Hakuligusa. Alisema: “Umeniacha nimcheke mama yako.” Akasema mara ya pili, taratibu, “Umeniacha nimcheke mama yako, na klafuti yake nikala.” Akavua helmeti, akaingia mkahawani peke yake.

Yolande ndiye aliyebaki ameshika usukani wangu. “Mimi nilijua,” alisema. “Picha yako ya kipaimara iko juu ya jiko lake. Masikio hayo hayo.” Nikamuuliza kwa nini hakuniumbua siku ile mezani. “Nimegawa barua miaka arobaini,” akanijibu. “Ya mtu siifungui.”

Jana nikaenda kwa mama. Gari nililiacha Brémont, nikashuka na baiskeli njia yetu, peke yangu. Nilitaka nipite pale pale. Alikuwa kwenye benchi la nje anamenya njegere, kofia ya kazi hakuvaa, bendera iko kwenye ndoano yake ukutani. Hakusimama. Alinipa shavu moja, halafu la pili, kisha akanisogezea bakuli la njegere na mimi nimenye.

Tulimenya muda mrefu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dijon, na yote yalikuwa yamekwisha. Nikasema tu, “Mama, tarehe tano.”

“Mlipita saa nne na dakika kumi na mbili,” alisema. “Wewe ulikuwa wa tatu. Mnyororo wako unalia, utie mafuta.”

Huyo ndiye mama anayesahau, dada. Aliusikia mnyororo wangu katikati ya baiskeli kumi na moja.

Nikamwomba msamaha. Nililia pia, sikufichi, mzee mzima na njegere mapajani. Akaniacha nimalize. Nikamuuliza kwa nini alimwambia Yolande, na wewe, kwamba amekosea siku. Nilimwambia kuhusu fomu. Kumbe alikuwa ameshakisia. Akasema ulimuuliza mara tatu leo ni siku gani, na wewe si mtu wa kuuliza siku.

“Ningeenda,” alisema. “Nasikia huko kuna runinga kubwa.”

“Lakini hukukosea!”

“Nikisema sikukosea mimi, itabidi iulizwe ni nani aliyekosea.”

Hapo nikamuuliza lile lililoninyima usingizi zaidi ya wiki mbili: kwa nini aliifunga bendera. Angeweza kuiacha wazi. Angeweza kuniita kwa jina langu mbele ya wote, na haki ilikuwa yake. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyefika darasa la saba hajui kusoma.

“Wewe umekulia hapa na hujui? Dereva akipita bendera nyekundu ikiwa wazi, ni kosa lake, anaandikiwa, na halifutiki. Nilikuona hutasimama. Nikaifunga ili usiwe umeipita.”

Akachukua njegere nyingine.

Fomu nairudisha humu ndani ya bahasha, nafasi yangu ikiwa wazi kama ulivyoiacha. Mama amenikataza kukuandikia, alisema usisumbuliwe, uko mbali na una goti. Kwa mara ya kwanza katika habari hii yote nimemkaidi kwa jambo jema. Ukimaliza kusoma, mpigie. Muulize ni tarehe ngapi, atakwambia na dakika. Kisha mwambie unajua, asiendelee kuubeba uongo wangu kwenye umri ule.

Kama hutaki kusema nami kwa muda, nitaelewa, na sitakupigia mpaka upige wewe. Hubert hajanipigia. Nasikia amemwandikia mama kadi, lakini mama hakuniambia imeandikwa nini, nami sina uso wa kuuliza. Ngazi ya kisima nitaitengeneza Jumamosi ijayo, nikitangulia kutia mnyororo mafuta.

Nisalimie shemeji Joël, Maëlle na mumewe, na Titouan mdogo. Mwambie ile baiskeli nyekundu niliyomwahidi iko, mama wa bibi yake, yaani Mama yetu, ndiye atakayeichagulia kengele. Mungu akulinde, akutulizie goti, na akujalie kutufikia mama angali anapanga mabakuli nje.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Regis,
mtoto wa mlinda geti namba 31.